Gauni la Bi. Lincoln na Mkono Uliolishona

Kila muhula huwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi la kukata habari magazetini na kuchunguza vitenzi vyake. Muhula uliopita msichana mmoja aliniletea vipande alivyokusanya kuhusu wake za viongozi wa nchi mbalimbali wakiwa katika hafla za kiserikali. Alikuwa amevipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Waume walihutubia, waliapa, walitia sahihi, walionya. Wake zao walivaa. Akaniuliza iwapo Kiswahili, chenye mnyambuliko mpana namna hii, hakina kitenzi kingine cha kumpa mwanamke huyo.

Nilikawia kumjibu, kwa maana mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana nikiliandikia jarida la wanafunzi, niliwahi kujaza ukurasa mzima nikilicheka gauni la mke wa mgeni mmoja mashuhuri. Nilisifiwa sana kwa ucheshi wangu. Badala ya jibu, basi, nilimsimulia habari za Mary Todd Lincoln, mke wa rais wa 16 wa Marekani, na leo ningependa kumsimulia msomaji pia.

Mary alizaliwa mjini Lexington, jimbo la Kentucky, tarehe 13 Desemba 1818, katika nyumba ya mfanyabiashara tajiri aliyemiliki watumwa. Mamaye alifariki yeye akiwa na umri wa miaka sita. Alisomeshwa kuliko wasichana wengi wa zama zake, na katika shule ya bweni alijifunza Kifaransa hadi akakizungumza vyema. Aidha, alipenda siasa tangu utotoni. Hata hivyo, siasa za wakati ule hazikuwa na kiti cha mwanamke. Hakuweza kupiga kura, sembuse kugombea. Mlango pekee uliobaki wazi ulikuwa ndoa, na mwaka 1842 mjini Springfield, Illinois, aliolewa na wakili Abraham Lincoln, mtoto wa mkulima asiye na mali, ambaye hakujali kabisa mambo ya mavazi.

Lincoln aliapishwa mwezi wa Machi 1861. Mabibi wakubwa wa Washington walikuwa wamekwisha kumhukumu mkewe kabla hajashuka garini: mtu wa Magharibi, mshamba, hajui desturi. Bi. Lincoln aliamua kuwajibu kwa lugha ambayo wao wenyewe waliitambua, yaani kitambaa. Ndipo akamtafuta mshonaji bora zaidi mjini, na aliyempata ni Elizabeth Keckley.

Hapa naomba msomaji anistahimili kidogo, kwa kuwa Keckley ndiye niliyemkusudia tangu mwanzo. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia mwaka ule ule wa 1818. Sindano yake iliwahi kuilisha familia nzima ya waliommiliki walipofilisika. Mjini St. Louis, wateja wake walimkopesha fedha, na mwaka 1855 akajikomboa yeye na mwanawe kwa dola 1,200. Kisha akashona hadi akalilipa deni lote. Alipofika Washington alimshonea mke wa Jefferson Davis, yule aliyekuja kuwa kiongozi wa majimbo yaliyojitenga. Kwa hivyo mkono mmoja, wa mwanamke Mweusi aliyejinunua, ulizivika pande mbili za vita vilivyopiganwa kwa sababu ya watu kama yeye. Mwanawe wa pekee aliuawa vitani mwezi wa Agosti 1861 akipigana upande wa Kaskazini. Mwaka uliofuata Keckley alianzisha chama cha kuwasaidia watu waliotoroka utumwa na kumiminika Washington bila chakula wala malazi.

Katika magazeti ya siku zile, Bi. Lincoln alivaa. Aliyemvika hakutajwa sana.

Tarehe 5 Februari 1862 Ikulu ilifanya karamu kubwa. Bi. Lincoln alishuka akiwa katika gauni jeupe la atlasi lililopambwa kwa kimia cheusi, shingo yake wazi, mkia wake mrefu ukiburura nyuma. Mumewe, kwa mujibu wa Keckley, alitania kwamba ingefaa sehemu ya mkia ule ipandishwe juu kifuani. Seneta mmoja wa Oregon alimwandikia mkewe barua akimdhihaki Bi. Lincoln kwa kifua chake na kwa maua aliyojitwika kichwani. Seneta hakuona kilichokuwa orofani. Mtoto Willie, mwenye umri wa miaka 11, alikuwa mahututi, na wazazi walipokezana kupanda ngazi kumtazama. Alifariki tarehe 20 Februari.

Sasa gauni jeupe likapisha nguo nyeusi za matanga, na lawama zikageuka bila kupungua. Aliposimamisha muziki wa bendi katika uwanja wa Ikulu kwa ajili ya msiba, watu walinung'unika. Mwaka huo huo ndugu zake wawili wa baba mmoja waliuawa wakipigania Kusini, naye hakuweza kuwalilia hadharani maana angeitwa msaliti. Na waliomwita jasusi wa Kusini walikuwapo tayari. Shangwe ilikuwa kosa, na majonzi yakawa kosa.

Simtetei kwa kila jambo. Vita vikiwa vimepamba moto, alivuka kiwango cha dola 20,000 zilizotengwa na Bunge kwa ukarabati wa Ikulu, na mumewe alikasirika, akisema kwamba askari hawakuwa hata na mablanketi. Aliendelea kununua vitambaa, shali na glavu kwa mkopo. Keckley aliandika kwamba wakati wa uchaguzi wa 1864 deni la mama huyu lilikuwa limefikia takriban dola 27,000, nyingi zikidaiwa na duka la Stewart la New York. Mshahara wa rais ulikuwa dola 25,000 kwa mwaka. Bi. Lincoln alitetemeka akiwaza kwamba mumewe akishindwa wenye maduka wangeleta hati zao, na Lincoln, asiyejua lolote, angejua yote. Wahenga walitutahadharisha kuhusu nguo ya kuazima. Hii ilikuwa ya kuazima kwa riba ya hofu. Lakini nani aliyemtaka avae hivyo? Taifa lilimdai mke wa rais fahari, na halikumpa mshahara wala posho ya mavazi.

Lincoln alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, mkewe akiwa kando yake, akafa asubuhi yake. Tangu hapo mjane huyu alivaa nyeusi karibu maisha yake yote yaliyosalia. Madeni hayakumwonea huruma. Mwaka 1867 alikwenda New York kwa jina la Bi. Clarke, akiandamana na Keckley, ili auze mavazi yake kupitia kwa madalali. Jina halisi likajulikana upesi. Madalali wakayatandaza magauni dukani na umati ukaja: wakayashika, wakayapindua, wakachungulia bitana. Magazeti yaliripoti hata madoa ya ndani na mahali palipochakaa chini ya kwapa. Wanunuzi hawakuonekana. Mwishoni yeye ndiye aliyewalipa madalali gharama zao, zaidi ya dola 800.

Keckley, akitaka kumtetea bibi huyu pamoja na nafsi yake, alitoa kitabu mwaka 1868. Barua za Bi. Lincoln zilichapishwa ndani yake, na urafiki ukafia hapo. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi. Mshonaji alipothubutu kuwa nafsi ya kwanza katika sentensi, jamii ile ile iliyoyapapasa magauni dukani ilimwita yeye mkosefu wa adabu. Wateja walimkimbia. Alikuja kufundisha ushonaji katika Chuo Kikuu cha Wilberforce, Ohio, na mwaka 1907 akafia Washington katika nyumba ya kuwatunzia wanawake na watoto Weusi wasiojiweza.

Bunge lilimpa mjane wa Lincoln pensheni ya dola 3,000 kwa mwaka mwaka 1870. Mwaka uliofuata mwanawe Tad alifariki. Kati ya wana wanne akabaki Robert peke yake. Tarehe 19 Mei 1875 Robert huyo alimfikisha mamaye mbele ya mahakama ya Chicago ili atangazwe kuwa mwendawazimu. Miongoni mwa mashahidi walikuwamo wenye maduka, wakaeleza jinsi alivyonunua mapazia ilhali hakuwa na nyumba ya kuyatundika. Baraza la wanaume 12 likaafiki. Ndani ya nguo alizovaa alikuwa ameficha hati za amana za serikali zenye thamani ya zaidi ya dola 50,000, na ilibidi azitoe. Nguo zilizowahi kumtia katika madeni zilikuwa zimegeuka benki yake.

Alipelekwa hospitali ya Batavia. Kwa juhudi zake mwenyewe, zikisaidiwa na Myra Bradwell, mwanamke aliyesomea sheria na aliyenyimwa leseni ya uwakili kwa ajili ya jinsia yake, aliondoka baada ya miezi michache, na mwaka 1876 mahakama ikamrudishia haki zake. Aliishi Ufaransa miaka kadhaa kisha akarejea Springfield, akafa tarehe 16 Julai 1882 katika nyumba ya dada yake, nyumba ile ile alimoolewa, akizungukwa na masanduku ya nguo.

Gauni lake moja la mahameli ya zambarau, linalosadikiwa kuwa kazi ya Keckley, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Mkusanyiko wa mavazi ya wake za marais ulipata nguvu Helen Taft alipotoa gauni lake mwaka 1912, na haujaacha kupendwa na watazamaji. Lawama nazo hazikukoma. Jacqueline Kennedy alilaumiwa mwaka 1960 kwa kupenda nguo za Kifaransa. Gauni lake la arusi la 1953 lilishonwa na mwanamke Mweusi, Ann Lowe, na magazeti mengi hayakulitaja jina lake. Nancy Reagan naye alishambuliwa mwaka 1982 kwa kupokea magauni kutoka kwa wabunifu. Lawama hiyo naiona halali, kwa kuwa iliuliza nani analipa. Ile ya yule seneta iliishia kifuani.

Mwanafunzi wangu aliirudia kazi yake. Chini ya kila kipande aliongeza maswali mawili kwa kalamu ile ile nyekundu: nani amemvika, na kwa fedha za nani. Kisha akaniomba nakala ya makala yangu ya ujana aiweke katika faili pamoja na vingine. Niliitafuta kabatini siku mbili nzima. Nimempa.