August Sander: Sura, Tabaka na Nafsi

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Wa kwanza huwakilisha kundi lake. Wa pili ana nafsi yake. August Sander, mpigapicha Mjerumani, aliutumia umri wake kuutafuta mpaka baina ya hao wawili katika nyuso za watu halisi.

Sander alizaliwa tarehe 17 Novemba 1876 huko Herdorf, eneo la machimbo ya chuma, akiwa mwana wa seremala wa mgodini. Yeye mwenyewe alifanya kazi mgodini angali kijana, na huko ndiko alikokutana na mpigapicha aliyemtia shauku ya kamera. Baada ya kuendesha studio mjini Linz, Austria, alihamia Cologne mnamo 1910. Kutoka huko alisafiri hadi vijiji vya Westerwald kuwapiga picha wakulima.

Katika miaka ya 1920 aliazimia kuisawiri jamii nzima ya Ujerumani. Aliigawa katika makundi saba: wakulima, mafundi, wanawake, matabaka na kazi, wasanii, watu wa mjini, na kundi la mwisho la wagonjwa, walemavu na wafu. Mwaka 1929 alichapisha sehemu ndogo ya kazi hiyo, picha 60, katika kitabu Antlitz der Zeit, yaani Uso wa Wakati. Aghalabu chini ya picha hapakuwa na jina la mtu, ila kazi au cheo chake tu.

Hapa ndipo penye utata. Mathalani, picha yake mashuhuri ya 1914 inaonyesha vijana watatu waliovalia suti, bakora mkononi, wakielekea dansini. Aliwaita wakulima. Uchunguzi wa baadaye ulibainisha kwamba walikuwa wafanyakazi wa mgodini. Anwani iliwaweka katika kundi. Suti, bakora na mtazamo wao vilikuwa vikidai jambo jingine. Vijana hao walijichagulia namna ya kuonekana, na kamera ikaihifadhi hiari yao hata pale mwenye kamera alipoikosea.

Wanazi waliposhika hatamu mwaka 1933, walitaka uso uwe ushahidi wa ubora wa mbari. Kitabu kilichowaweka Wajerumani wa kila hali bega kwa bega hakikuwafaa. Mwaka 1936 nakala zake zilitwaliwa na mabamba ya kuchapia yakaharibiwa. Hata hivyo Sander hakuacha. Mnamo 1938 aliwapiga picha Wayahudi wa Cologne waliohitaji picha za vitambulisho, na baadaye akawaingiza katika kazi yake kama watu walioteswa. Wanazi nao wamo. Wote walitazamwa kwa utulivu ule ule, bila mzaha wala mapambo.

Gharama ilimfika nyumbani. Mwanawe Erich, mpinzani wa utawala huo, alikamatwa mwaka 1934 na kuhukumiwa kifungo cha miaka kumi. Alifariki gerezani mwaka 1944, kifungo kikikaribia kwisha. Mwaka 1946 moto uliteketeza takriban negativu 30,000 zilizonusurika vitani. Sander mwenyewe aliaga dunia mjini Cologne tarehe 20 Aprili 1964, mpango wake haujakamilika.

Yafaa tumtazame Erich katika kazi ya babake. Mwaka 1926 anaonekana miongoni mwa wanafunzi wanaojilipia masomo kwa kufanya kazi. Mwaka 1943 ni mfungwa wa kisiasa. Mwishoni kabisa, katika kundi la saba, imo picha ya kinyago cha uso wake baada ya kufa. Mtu mmoja, anwani tatu, na hapana hata moja inayomtosha. Huenda baba alilijua hilo kuliko mhakiki yeyote, kwani picha hizo zote alizipanga yeye.