Askofu Mkuu Aliyekataa Kukombolewa

Tarehe 19 Aprili Kanisa la Uingereza humkumbuka Alphege. Alianza akiwa mtawa, mwaka 984 akawa Askofu wa Winchester, na mwaka 1006 Askofu Mkuu wa Canterbury.

Siku zile Waviking, mabaharia wa Denmark na nchi jirani, walikuja kwa merikebu kuteka watu na kudai fedha. Mfalme Ethelred aliwalipa waondoke. Nao, bila shaka, walirudi. Tumsifu mmoja wao, Olaf Tryggvason. Mwaka 994 Alphege alitumwa kumleta kwa mfalme, akapata Kipaimara, akaahidi kutorudi kwa vita, na kweli hakurudi.

Septemba 1011 Canterbury ilitekwa kwa hila ya mtu ambaye Alphege mwenyewe aliwahi kumwokoa asife. Askofu alifungwa miezi saba. Pasaka ya 1012 nchi ikalipa paundi 48,000, lakini watekaji wakataka nyongeza kwa ajili yake. Alikataa, akakataza mtu yeyote asimtolee kitu. Sisi tuliozoea michango ya nyumba kwa nyumba twajua mzigo ule ungemwangukia nani.

Jumamosi ile, wakiwa wamelewa mvinyo, walimpiga kwa mifupa ya ng'ombe huko Greenwich, kisha mmoja akampiga kichwani kwa kisogo cha shoka. Mwaka huo huo merikebu 45 za jeshi lao zikahamia kwa Ethelred. Alphege alizikwa London, mpaka mwaka 1023 Mfalme Knut, naye Mdenmark, alipoamuru mwili wake urudishwe Canterbury.