Sayyid Barghash na Tufani ya Mwaka 1872

Muhula huu napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu maisha ya Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata alipokufa mwaka 1888. Wengi wetu twalijua jina lake kwa mambo mawili tuliyosoma darasani: mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini, na jumba la Beit al-Ajaib. Liko jambo la tatu ambalo husemwa kwa mstari mmoja tu, nalo ni tufani iliyompata katika mwaka wa pili wa utawala wake. Mimi naona kwamba asiyeijua tufani ile hawezi kuyaelewa vizuri yale mambo mawili.

Barghash alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake alikuwa Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, ambaye nguvu zake zilikuwa katika merikebu na mikarafuu. Mwezi wa Oktoba 1856 Sayyid Said alikufa baharini karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa safarini kutoka Omani kurudi Unguja. Barghash alikuwa pamoja naye melini. Alimleta baba yake Unguja akamzika, na papo hapo akatamani kushika utawala, lakini ukamwendea ndugu yake Majid.

Mwaka 1859 Barghash aliasi. Nyumba yake ilizungukwa na askari, akatoroka usiku amevaa nguo za kike, akisaidiwa na dada zake, na mmoja wao ni Bibi Salme. Alikimbilia shambani, lakini mabaharia wa manowari ya Kiingereza walikwenda kuwashinda watu wake, naye akapelekwa Bombay uhamishoni. Alikaa huko miaka miwili. Katika mji ule aliona bandari kubwa, meli za moshi na namna mji mkubwa unavyotunzwa, wala hakuyasahau. Majid alipokufa mwezi wa Oktoba 1870, Barghash akawa Sultani.

Sasa nifike kwenye tufani. Ilikuwa tarehe 15 Aprili 1872. Huo ni wakati ambapo Kaskazi imekwisha na Kusi inaanza, na majahazi ya Arabuni na Bara Hindi hujiweka tayari kurudi kwao. Upepo ulivuma kwa nguvu ambazo watu wa Unguja hawakupata kuziona. Merikebu na majahazi yaliyokuwa bandarini, karibu yote yalikatika amari yakatupwa pwani au yakazama. Nyumba zilianguka, minazi ikang'oka, na mikarafuu ya kisiwa cha Unguja ikalala chini shamba baada ya shamba. Ng'ambo, Bagamoyo, nyumba za misheni zilivunjwa vibaya.

Sultani alipoteza merikebu zake za vita. Mojawapo ilikuwa El Majidi, nayo ina habari ya ajabu. Iliundwa Glasgow mwaka 1863, ikanunuliwa na majimbo ya kusini ya Marekani yaliyokuwa yakipigana na kaskazini, ikaitwa Shenandoah. Ilizunguka dunia nzima ikiteka meli za adui zake. Mwaka 1866 Sayyid Majid aliinunua. Chombo kilichovuka bahari zote kikaja kutupwa pwani kikiwa kimetia nanga katika bandari ya Unguja.

Msomaji aweza kuuliza, je, mabaharia wale hawakuwa na elimu ya kuijua tufani kabla haijafika? Elimu ilikuwapo. Henry Piddington, baharia Mwingereza aliyeishi Calcutta, alikusanya habari kutoka katika vitabu vya safari vya manahodha, akaonyesha jinsi pepo hizi zinavyozunguka. Mwaka 1848 alitoa kitabu cha kuwafundisha mabaharia, na ndiye aliyezipa jina la saikloni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nyoka aliyejiviringa. Katika kisiwa cha Morisi nako walikuwako wataalamu waliozichunguza, maana kisiwa kile hupigwa mara nyingi.

Mafunzo yao si magumu. Kusini mwa Ikweta tufani huzunguka kama akrabu za saa zinavyokwenda. Kwa hiyo nahodha akisimama na kuuelekeza uso wake kwenye upepo, kitovu cha tufani kiko upande wa mkono wake wa kushoto. Akiangalia saa baada ya saa jinsi upepo unavyogeuka, ataweza kujua kitovu kinakwenda wapi. Upepo usipogeuka bali ukazidi nguvu tu, ajue kwamba kinamjia yeye. Tena kuna baromita, chombo cha kupimia uzito wa hewa, ambacho zebaki yake hushuka upesi tufani inapokaribia. Na kabla ya hayo yote huja mawimbi marefu mazito, hali upepo wa kuyaleta bado haujafika. Kitovu kikipita juu ya mji, huwa kimya kwa muda na watu hudhani yamekwisha, kisha upepo hurudi kutoka upande mwingine.

Lakini elimu hii haikuwasaidia watu wa Unguja, kwa sababu hawakuitazamia tufani. Unguja iko karibu na Ikweta, kiasi cha digrii 6 tu kusini yake, na mahali kama hapo tufani ni nadra sana, kwani karibu na Ikweta hewa haipati mzunguko wa kutosha. Wazee wa bahari waliijua Kaskazi na Kusi, wakaamini kwamba saikloni ni habari za Morisi. Tena wakati ule simu ya baharini ilikuwa haijafika. Hata kama merikebu fulani ingaliiona tufani mbali, isingaliweza kupeleka habari mbele ya upepo.

Hasara ile ilikuwa na matokeo makubwa. Mkarafuu hauzai mara moja. Tangu kupandwa huchukua miaka mingi kabla ya kutoa mavuno. Kisiwa cha Pemba hakikupigwa sana, na tangu hapo kikawa mbele ya Unguja kwa karafuu. Mwezi wa Januari 1873, mashamba yakiwa bado yamelala, alifika Sir Bartle Frere kutoka Uingereza kumtaka Sultani afunge biashara ya watumwa. Barghash alikataa, akitoa sababu kwamba tufani imekwisha kuwafilisi watu wake. Frere aliondoka bila saini. Baadaye Balozi John Kirk alimweleza kwamba manowari zitaziba bandari zake. Mtawala asiye na merikebu angefanya nini? Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini, na soko la watumwa likafungwa.

Hapa sitaki kumsikitikia Sayyid Barghash kupita kiasi. Mikarafuu iliyoanguka ilikuwa imepandwa na kupaliliwa kwa mikono ya watumwa, na wengi wao walitoka katika nchi za kando ya ziwa letu la Nyasa, wakapelekwa kwa miguu hadi Kilwa. Hasara ya Sultani ilikuwa karafuu na merikebu. Hasara ya watu wale ilikuwa nafsi zao. Nao utumwa wenyewe haukufutwa Unguja mpaka mwaka 1897.

Hata hivyo, jambo moja nalistahi kwake: hakukaa kulia. Alijenga upya. Alinunua meli za moshi zikabeba mizigo mpaka Bombay. Alileta maji safi mjini kwa mabomba kutoka chemchemi, akajenga majumba, na mwaka 1883 likasimama Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake ilianguka mwezi wa Desemba 2020. Merikebu mpya, Glasgow, iliundwa Uskoti mwaka 1878. Na mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwaka 1885 manowari za Wajerumani zilikuja kumtisha, na mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikubaliana kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Bara likagawanywa bila yeye, na hata Rungwe yetu ikaingia mikononi mwa Wajerumani, waliojenga boma hapa Tukuyu na kupaita Neu Langenburg. Barghash alikufa mwezi wa Machi 1888.

Huenda mwenzangu akasema kwamba sisi wa milimani, tunaopata mvua kuliko karibu mahali pote pa Tanzania, habari za bahari hazituhusu. Mimi sikubali. Babu yangu mzaa mama ni mvuvi wa Matema, naye kabla ya kutia mtumbwi majini huangalia kwanza kama Mwera utavuma. Siku zote hutuambia kwamba ziwa humchukua yule anayelizoea. Ndivyo ilivyokuwa Unguja.

Tena tufani hazikwisha. Lindi ilipigwa mwezi wa Aprili 1952. Mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani ya kusini. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikifuata kwa picha za setilaiti, ikatangaza mapema, na vyombo vikazuiwa kwenda baharini. Barghash angalitoa merikebu ngapi apate tangazo kama hilo la siku mbili tu! Basi, ndugu zangu, redio inapotaja upepo mkali, tuwaambie wazee na wavuvi wetu. Onyo halina faida kama halikumfikia mwenye mtumbwi.