Luigi Broglio, Mzee wa Roketi za Ngomeni

Najua mmezoea kusoma katika kurasa hizi maisha ya kina Dedan Kimathi, Mekatilili wa Menza na Shaaban Robert. Mimi nawaletea Mwitaliano. Msinune kwanza. Kazi yake kubwa aliifanyia pwani yetu ya Kenya, na kwa maoni yangu alikuwa fundi wa kuungaunga kama hawa wa jua kali tunaowapita kila tukishuka Gikomba.

Nilimfahamu kwa sababu ya gololi, zile ambazo mtaani twaziita bano. Hapa Makongeni tuko vijana wachache ambao hatukuacha kuunda vitu hata baada ya utoto kwisha. Zamani kila mmoja wetu alikuwa na gari lake la waya, magurudumu yamekatwa kwa patipati kuukuu. Siku hizi tunaunda ndege na roketi, tena kwa kipimo. Kitu cha kuchezea unaweza kukifanya upendavyo, lakini mfano una sheria zake. Ukikata bawa likapungua sentimita moja, umeharibu ndege nzima na inabidi uanze upya. Watu wa nyumbani wao huona tu kijana mzima akiokota makopo. Mama aliwahi kuniuliza kama nasomea udaktari wa takataka.

Likizo moja tuliamua kuunda roketi iliyowahi kurushwa kutoka Kenya, maana tulikuwa tumechoka na vyombo vya nchi za watu. Roketi hiyo iliitwa Scout, kazi ya Wamarekani. Ilikuwa na urefu wa kama mita 22 na unene wa mita 1 hivi, na vipande vinne vinavyowaka kimoja baada ya kingine. Tukachukua kipimo cha 1 kwa 50, yaani kila mita moja ikawa sentimita 2. Kwa hivyo roketi yetu ikawa na urefu wa sentimita 44 na unene wa sentimita 2. Tulivingirisha magazeti, tukayapaka gundi ya unga wa ngano, tukayaanika hadi yakawa magumu kama mbao. Kisha tukafikia mzigo wake, setilaiti iliyoitwa San Marco. Ilikuwa tufe lenye kipenyo cha sentimita 66. Gawanya kwa 50, unapata sentimita 1 na nukta 3. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa gololi, nikaipima na rula. Ilitosha kabisa!

Nikabaki nimeduwaa. Roketi yote ile, moto wote ule, kubeba gololi moja? Ni nani huyu aliyejisumbua hivyo, na ndani ya gololi yake mlikuwa na nini?

Basi, Luigi Broglio alizaliwa Mestre, karibu na jiji la Venice, tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka wa 1911. (Laiti watu wote wa historia wangezaliwa tarehe kama hiyo, mitihani ingekuwa mteremko.) Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma, akaingia jeshi la anga la Italia akiwa mhandisi, na baadaye akapanda hadi cheo cha jenerali. Lakini aliyemtafuta angemkuta zaidi darasani na maabarani. Mnamo mwaka wa 1952 alikabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege hapo Roma, akimrithi Gaetano Crocco, mzee mwingine maarufu wa mambo ya ndege.

Italia ya siku hizo haikuwa na pesa za kuchezea. Ilikuwa imetoka vitani ikiwa imeshindwa. Muungano wa Sovieti ulirusha Sputnik mwaka wa 1957, Marekani ikafuata mwaka wa 1958, na ilionekana kwamba anga limekwisha gawanywa kati ya matajiri wawili. Hapa ndipo ninapomheshimu Broglio. Hakukaa akalia kwamba Italia haina roketi kubwa, wala hakujidai kwamba anaweza kuiunda kesho. Aliichukua kazi akaikata vipande. Roketi atatumia ya Wamarekani, ile Scout, ambayo tayari ipo na inafanya kazi. Watu wake watafunzwe na NASA jinsi ya kuirusha. Mambo mawili ndiyo Waitaliano watayafanya wao wenyewe: setilaiti, na mahali pa kuirushia. Mapatano na Marekani yalifanywa mwaka wa 1962. Tarehe 15 Desemba 1964 setilaiti ya San Marco 1 ilirushwa kutoka Wallops Island huko Marekani, na waliosimamia mitambo ya kurusha walikuwa Waitaliano.

Sasa turudi kwenye gololi. Watu wengi hudhani kwamba ukipanda kilomita 200 juu hakuna hewa kabisa. Ipo, ila ni nyembamba mno, na wembamba huo huo unatosha kuikwaruza setilaiti kidogo kidogo mpaka inashuka na kuungua. Kujua setilaiti itaishi siku ngapi, lazima ujue hewa hiyo ni nzito kiasi gani. Utaipimaje, nayo haioni hata mizani? Broglio akaunda tufe ndani yake mna kitu kizito, na ganda la nje ni jepesi, na viwili hivi vimeshikanishwa kwa mikono inayonyumbuka kama springi. Hewa inalisukuma ganda, lakini ile sehemu nzito ya ndani haisogei upesi. Ganda likisogea hata kwa unywele, vipimo vinaandika. Setilaiti nzima ilikuwa mizani! Kifaa hicho hata leo huitwa mizani ya Broglio.

Mimi sikuamini mpaka nilipoiunda. Nilikata mpira wa plastiki katikati, nikaweka jiwe ndani, nikalifunga kwa vipande vinne vya tyubu ya baiskeli, kisha nikaufunga mpira tena. Jiwe lilishikwa na waya mgumu uliotokea kwenye tundu, nami nikashika waya. Nikapanda matatu, na tulipofika Jogoo Road gari likaongeza kasi, nikautoa mpira dirishani. Ganda likarudi nyuma, jiwe likabaki palepale mkononi mwangu, tyubu zikavutika. Nilifurahi hadi nikapiga kelele. Makanga naye akapiga zake, akitaka kujua ni nani anatoa vitu dirishani, na nikashushwa kabla ya kituo changu. Nilitembea hadi nyumbani lakini sikujuta hata kidogo.

Kipande cha pili cha kazi kilikuwa mahali pa kurushia. Dunia hujizungusha, na hapa kwenye ikweta ndipo inapokwenda kasi zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa, kuelekea mashariki. Roketi ikirushwa upande huo hupata msukumo wa bure. Ni kama kuruka kutoka kwenye gari linalokwenda, ukaruka linakoelekea. Tena ni bora mbele pawe na bahari tupu, ili vipande vinavyoanguka visimwangukie mtu. Tazama ramani uone ni pwani ya nani iliyo na mambo hayo mawili. Broglio aliichagua Ngomeni, zaidi ya kilomita 30 kaskazini ya Malindi, katika ghuba ya Ungwana. Ni nyuzi 3 tu kusini ya ikweta.

Lakini hakujenga nchi kavu. Alijenga majini, na tena hakuanza na vitu vipya. Jukwaa la kwanza lilikuwa mtambo uliotumika kuchimbia mafuta baharini. Ukavutwa na meli kutoka Italia hadi kwetu, ukaitwa Santa Rita, jina la mtakatifu ambaye Wakatoliki humwomba katika mambo yasiyowezekana. Mzee alikuwa na utani kidogo, nadhani. Mwaka wa 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kujitawala, roketi ndogo za majaribio zikaanza kuruka kutoka hapo. Jukwaa la pili lilitoka kwa jeshi la Marekani, nalo likaitwa San Marco, yaani Mtakatifu Marko, msimamizi wa jiji la Venice. Hilo ndilo lililobeba roketi. Santa Rita likawa la watu na mitambo ya kuongozea, kama nusu kilomita kutoka hapo, na nyaya zikapitishwa chini ya maji. Yote mawili yalisimama kwa miguu ya chuma kwenye mchanga wa bahari, na wavuvi wa Ngomeni wakayazoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye makelele.

Tulijaribu kuunda na majukwaa pia kwa kipimo kile kile. San Marco lilikuwa na urefu wa karibu mita 100, kwa hivyo mfano wake ulihitaji mita 2, mrefu kuliko kitanda changu. Santa Rita ilibidi iwe mita 10 mbali, yaani mlangoni pa nyumba ya tatu. Jirani hakukubali. Tukaishia kutumia boksi la friji na kusema uongo kuhusu kipimo.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikapanda kutoka maji ya Kenya. Haikuwahi kutokea popote duniani setilaiti kurushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini. Ilizunguka ikiipima hewa ya juu ya ikweta hadi mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, ikashushwa na hewa ile ile iliyokuwa ikiipima, ikaungua. Kwangu mimi hayo ni mauti ya heshima.

Kuna setilaiti nyingine ambayo kila Mkenya angefaa kuijua. Tarehe 12 Desemba 1970, siku nchi ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, watu wa Broglio walirusha setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Mkuu wa mradi huo alikuwa mama mmoja wa NASA, Marjorie Townsend, na kwa kuishukuru Kenya iliitwa Uhuru. Naam, Uhuru, Kiswahili safi! Ilikuwa ya kwanza duniani kufanya kazi hiyo peke yake. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na ndiyo iliyosaidia wataalamu kuanza kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi wake, alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Kwa hivyo ukisoma vitabu vya nyota vya Wazungu, utalikuta neno letu humo, limekaa kitako.

Hapa lazima niseme linalonikera, hata kama nampenda mzee. Kuanzia mwaka wa 1967 hadi 1988 zilirushwa setilaiti 9 kutoka Ngomeni. Za Italia zilikuwepo, za Marekani zilikuwepo, hata ya Uingereza. Ya Kenya haikuwepo hata moja. Pwani ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu, lakini mzigo kileleni mwa roketi ulikuwa wa mgeni kila mara. Rafiki yangu mmoja wa hapa mtaani husema ndiyo sababu haoni haja ya kumkumbuka Broglio. Tumebishana juu ya jambo hili mpaka usiku. Mimi namjibu kwamba Broglio naye alianza akiwa mtu wa nchi isiyo na roketi, akatumia chuma kilichokwisha tumiwa na wengine, na sehemu yake mwenyewe ilikuwa tufe la sentimita 66 tu. Rafiki yangu hunijibu kwamba Broglio alikuwa na Roma nyuma yake. Hapo hunyamaza kidogo, maana ni kweli.

Mzee mwenyewe hakumaliza kwa shangwe. San Marco ya mwisho ilirushwa tarehe 25 Machi 1988. Alitaka roketi yenye nguvu zaidi ili kazi iendelee, lakini mpango huo haukufaulu, na majukwaa yakabaki yakiliwa na chumvi. Aliaga dunia Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Baadaye kituo cha Ngomeni kilipewa jina lake.

Miaka 17 baada ya kifo chake, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na chuo kile kile cha Roma alichofundisha Broglio, wakaunda setilaiti ya kwanza ya Kenya. Iliitwa 1KUNS-PF, na ilitupwa angani kutoka kituo cha kimataifa cha angani tarehe 11 Mei 2018. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande.

Niliposoma kipimo hicho nilichukua boksi la sabuni, nikalikata, nikalibandika karatasi za fedha za pakiti ya sigara aliyoitupa mjomba. Nikalipima kwa rula kila upande. Sentimita 10, 10, 10. Hilo halikuhitaji kugawanywa kwa 50 wala kwa chochote. Liko juu ya kabati letu sasa, kando ya roketi ya magazeti, na mama ameonywa asilitupe.