Kaburi la Jenerali Pulaski

Casimir Pulaski alizaliwa Warsaw, nchini Poland, mwaka 1745, katika ukoo wa makabaila. Mwaka 1768, angali kijana, alishika silaha kuupinga ubwana wa Urusi juu ya nchi yake. Aliposhindwa alikwenda uhamishoni, na mwaka 1777 akavuka bahari kuwasaidia Wamarekani waliokuwa wakipigana na Waingereza.

Kwenye mapigano ya Brandywine, Septemba 1777, aliongoza wapanda farasi wachache kumzuia adui, jeshi la George Washington likapata kurudi nyuma salama. Siku chache baadaye alipewa cheo cha Brigedia Jenerali. Oktoba 1779, akishambulia mji wa Savannah, alipigwa na vyuma vya mzinga, akafariki akiwa na umri wa miaka 34.

Mwaka 1996 mnara wake ulipobomolewa ili utengenezwe, mifupa iliyokuwamo ilichunguzwa. Ilikuwa ya mtu aliyezoea kupanda farasi, lakini nyonga na taya vilifanana na vya mwanamke. Nusura Jenerali anyang'anywe kaburi lake! Ilizikwa tena Oktoba 2005, shaka ingalipo.

Mwezi huo huo, matabibu walikutana Chicago kuyaacha majina ya karne ya 19, yaani huntha wa kweli na huntha wa uongo, yaliyowaudhi wagonjwa na kuwachanganya waganga wenyewe. Mwaka 2006 walitangaza jina jipya: matatizo ya ukuaji wa jinsi, yakipangwa kwa kufuata kromosomu.

Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba vinasaba vya upande wa mama vimelingana na vya jamaa yake. Mifupa ni yake. Wachunguzi walidhani kwamba huenda alizaliwa na kromosomu XX, huku tezi zilizo juu ya figo zikitoa homoni za kiume kupita kiasi tangu tumboni. Mtoto wa namna hiyo aweza kuzaliwa na maumbile ya nje ya kiume. Dhana hiyo haijathibitishwa, nasi hatuipi uzito zaidi ya huo.

Hata neno matatizo limepingwa na wengi, wakitaka iitwe tofauti ya ukuaji wa jinsi. Kwa upande wetu tunawaunga mkono. Pale Brandywine, waliopata matatizo ni Waingereza.