Maisha ya James Sumner, Mtaalamu wa Mkono Mmoja

Safari hii tunawaletea habari za James Batcheller Sumner, mtaalamu wa kemia.

Alizaliwa mwaka 1887 huko Canton, jimbo la Massachusetts, Marekani. Akiwa na miaka 17 alienda kuwinda na mwenzake, na kwa bahati mbaya mwenzake akampiga risasi. Mkono wake wa kushoto ukakatwa chini ya kiwiko, na kumbe ule ndio mkono aliozoea kutumia! Basi akajifunza upya kila kazi kwa mkono wa kuume, hata kucheza tenisi.

Huko Harvard mwalimu wake, Otto Folin, alimshauri asome sheria, maana aliona kemia haimfai mtu wa mkono mmoja. Sumner akakataa kabisa. Mwaka 1914 akapata udaktari, akaanza kufundisha Cornell.

Munajua mama zetu hufunga nyama ngumu kwa majani ya papai ili ilainike. Kinacholainisha ni vimeng'enya, yaani enzimu, vilivyo ndani ya utomvu. Wakati ule hakuna aliyejua vimeng'enya vimeumbwa na nini. Kuanzia 1917 Sumner alitafuta kimoja, ureazi, katika aina ya maharagwe. Alihangaika miaka 9. Mwaka 1926 akapata fuwele zake safi, akaonyesha kuwa ni protini. Wakubwa wa kemia, kama Willstätter wa Ujerumani, hawakukubali. Mwaka 1930 John Northrop akatangaza fuwele za pepsini, kimeng'enya cha tumboni, na ubishi ukaanza kupungua. Mwaka 1946 Sumner akapewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia. Northrop na Stanley wakagawana nusu nyingine. Alifariki mwaka 1955.

Faida yake tunaiona leo. Kimeng'enya hakiishi kwa kufanya kazi, lakini kikiyeyuka majini ni vigumu kukitoa tena. Ndiyo maana wataalamu hukifunga kwenye punje ndogo sana za oksidi ya chuma. Kazi ikiisha, wanaweka sumaku kando ya chombo, punje zinavutwa, maji yanamwagwa, na kimeng'enya kinatumika tena. Sisi wa Vitshumbi tunaelewa jambo hilo: mvuvi akiisha kutoa samaki, hatupi wavu ziwani.

Ndugu wanafunzi, tukiwa na mwenzetu aliyepungukiwa na kiungo, tusiwe wa kwanza kumwambia kazi gani haiwezi.