Mwalimu Carey Francis: Kutoka Cambridge Hadi Pumwani

Tunapowakumbuka waliolijenga Kanisa katika nchi hizi, kwa kawaida tunawataja maaskofu na makasisi. Leo nawaletea habari za mtu ambaye hakuwa kasisi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na alibaki mwalimu wa hesabu mpaka kufa.

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897. Baada ya kutumika jeshini katika Vita Kuu ya Kwanza, alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge akafaulu kwa daraja la kwanza. Kisha akawa mhadhiri katika Peterhouse, chuo kikongwe kuliko vyote vya Cambridge. Alikuwa na kazi, heshima na njia iliyonyooka mbele yake. Lakini mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 31, aliyaacha hayo yote akaja Kenya na CMS kuwa mwalimu mkuu wa shule ya wavulana ya Maseno, si mbali na Kisumu.

Alikaa Maseno miaka kumi na miwili. Mmoja wa vijana waliopita pale alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya. Mwaka 1940 Francis alihamia Alliance High School, Kikuyu, shule iliyoanzishwa na madhehebu ya Kiprotestanti kwa ushirikiano mwaka 1926. Aliiongoza hadi mwaka 1962. Alikuwa mwalimu mkuu, lakini chaki hakuiweka chini.

Siku zile wako Wazungu wengi walioona kwamba Mwafrika anatosha kufundishwa useremala na kilimo. Francis hakubishana nao kwa maneno mengi. Aliwafundisha vijana, wakakaa kufanya mtihani uleule wa Cambridge, wakafaulu. Jibu la hesabu halijui rangi ya aliyelipata. Aliandika pia vitabu vya hesabu vya Highway Arithmetics, vilivyotumika katika shule za msingi za Afrika Mashariki, hata watoto ambao hawakumwona kwa macho wakawa wanafunzi wake.

Hatumtendei haki marehemu tukimfanya malaika. Alikuwa mkali sana, na sheria za shule yake zilikuwa nyingi. Siasa hakuipenda, wala hakuwa mwepesi kuamini kwamba wakati wa kujitawala umefika. Katika jambo hilo wanafunzi wake waliona mbali kuliko yeye. Serikali ya kwanza baada ya uchaguzi wa mwaka 1963 ilijaa watu wa Alliance. Dakta Gikonyo Kiano alikuwa waziri, na Ronald Ngala, wa shule hiyo hiyo, aliongoza upinzani.

Lakini wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, alionyesha alivyo. Mau Mau aliwapinga waziwazi. Hata hivyo, alipojua kwamba askari wa serikali wanawatesa watu, aliandika kwa wakubwa kuwalaumu, ingawa walikuwa Wazungu wenzake. Shuleni mwake walikuwamo vijana ambao ndugu zao walikuwa msituni au kizuizini. Mmoja wao, Ngũgĩ wa Thiong'o, alisoma pale kuanzia mwaka 1955 na kaka yake akiwa mpiganaji wa Mau Mau. Kijana huyo alimaliza masomo yake, akaja kuwa mwandishi anayejulikana ulimwenguni kote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 1962 Francis alistaafu. Angeweza kurudi kwao Uingereza akapumzike, au kukaa Kikuyu akitembelewa na mawaziri. Badala yake alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato kidogo mashariki ya Nairobi, akafundisha katika shule ya sekondari ya hapo akiwa mwalimu wa kawaida, chini ya mwalimu mkuu mwingine. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki mwezi wa Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 68. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Waliomlilia kama baba walikuwa wanafunzi wake, na miongoni mwao walikuwamo wakuu wa nchi.

Sisi tuliofundisha tunajua jinsi ilivyo vigumu kushuka. Mtu akishakaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, kurudi darasani kusahihisha madaftari huona kama kuaibishwa. Francis hakuona hivyo, kwa sababu hakukipenda kiti. Alipenda kuona mtoto akielewa. Kijana wa Pumwani asiyejua kugawanya kwa sehemu alistahili mwalimu yuleyule aliyestahiliwa na wasomi wa Cambridge.

Katika usharika wetu wamo walimu wengi waliostaafu wenye afya na akili timamu. Na wamo watoto wengi, jirani kabisa, wanaoiogopa hesabu kama simba. Tuwaite jioni, tukae nao mezani na daftari na kalamu. Bwana Yesu mwenyewe aliitwa Mwalimu, naye aliwaosha miguu wanafunzi wake.